Siku za mtoto kukaa kwa kila mzazi zinavyoathiri pesa za matunzo

MZOZO huu aghalabu huzuka baada ya likizo ya Agosti. Watoto wamekaa kwa baba wiki mbili, wamekula huko, wamenunuliwa viatu na kurejeshwa kwa mama siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Mwisho wa mwezi unapofika, pesa ambazo baba hutuma kwa simu zinaingia zikiwa nusu. Mama akiuliza, anajibiwa kwamba watoto hawakuwa kwake kwa siku 14, kwa hivyo hakuna sababu ya kulipia chakula ambacho hawakukila. Mama naye hujibu kwamba mwenye nyumba hakupunguza kodi, yaya hakupunguza mshahara, na karo ya muhula wa tatu inangoja.

Kila mmoja ana hoja. Swali linalowagawanya ni moja: iwapo wazazi waliotengana wanagawana siku za kukaa na mtoto, je, pesa za matunzo nazo zinapaswa kugawanywa kwa kufuata siku hizo?

Katika sheria ya Kenya, jibu si la moja kwa moja. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, na inasema kwamba mama na baba wana jukumu sawa la kumkimu, wawe wameoana au hawajaoana. Kifungu hicho pia kinaagiza kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu.

Hali haikuwa hivyo tangu zamani. Sheria iliyomwezesha mama asiye na ndoa kumshtaki baba wa mtoto ili achangie matunzo ilifutwa na Bunge mwaka wa 1969, na kwa zaidi ya miaka 30 akina mama wengi walibeba mzigo huo peke yao. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001 ilirejesha njia ya kwenda kortini, ila ilisema kwamba mtoto wa nje ya ndoa ni jukumu la mama kwanza, mpaka baba atimize masharti fulani. Ni Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, iliyoondoa tofauti hiyo na kutamka kwamba hakuna mzazi mwenye haki kubwa kuliko mwenzake.

Kutokana na neno "sawa" lililomo katika sheria hizi, wazazi wengi wamejijengea tafsiri yao. Wapo wanaodhani kwamba jukumu sawa ni nusu kwa nusu: wewe elfu kumi, mimi elfu kumi. Wengine huamini kwamba anayekaa na mtoto nusu ya mwezi hadaiwi chochote. Tafsiri hizi mbili haziafikiani na mwenendo wa mahakama zetu. Mahakimu na majaji wamesema mara nyingi kwamba usawa huo ni wa wajibu. Kiasi ambacho kila mzazi atatoa hutegemea uwezo wake na mahitaji ya mtoto.

Sheria ya Kenya haina jedwali la viwango. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye mshahara wa Sh50,000 atatoa asilimia fulani kwa mtoto mmoja na asilimia nyingine kwa watoto wawili. Mahakama ya watoto huangalia mapato na mali ya kila mzazi, mahitaji ya mtoto, afya yake, aina ya masomo aliyozoea au aliyokusudiwa kupata, hali ya ndugu zake, pamoja na mzigo ambao mzazi anayedaiwa anao kwa watoto wengine. Mila na dini ya wahusika pia huzingatiwa. Siku ambazo mtoto analala kwa kila mzazi huingia katika mizani hiyo kama jambo moja miongoni mwa mengi.

Yapo mataifa yaliyochagua njia tofauti kabisa, na kuyatazama kunasaidia kuelewa faida na hasara za mfumo wetu.

Nchini Uingereza, hesabu hufanywa na idara ya serikali iliyoanza kazi mwaka wa 2012 kuchukua nafasi ya shirika la awali lililolalamikiwa sana. Mzazi asiyeishi na mtoto, ikiwa anapata kati ya pauni 200 na 800 kwa wiki kabla ya kodi, hutozwa asilimia 12 kwa mtoto mmoja, asilimia 16 kwa wawili na asilimia 19 kwa watatu au zaidi. Kisha huhesabiwa usiku. Mtoto akilala kwa mzazi huyo usiku 52 hadi 103 kwa mwaka, malipo hupungua kwa sehemu moja ya saba. Kuanzia usiku 104 hupungua kwa sehemu mbili za saba, kuanzia 156 sehemu tatu, na kuanzia 175 malipo hukatwa nusu, kisha huondolewa pauni saba zaidi kwa wiki kwa kila mtoto.

Kwa mfano, mzazi wa mtoto mmoja anayepata pauni 500 kwa wiki anapaswa kulipa pauni 60. Mtoto akilala kwake usiku 103 kwa mwaka, atalipa takriban pauni 51. Ukiongezwa usiku mmoja tu, malipo yanashuka hadi karibu pauni 43. Usiku huo mmoja una thamani ya zaidi ya pauni 440 kwa mwaka. Si ajabu basi kwamba kuna wazazi wanaogombania usiku wa mkesha wa sikukuu kana kwamba wanagombania shamba.

Australia nayo, kwa kutumia kanuni iliyoanza Julai 2008, huanza kwa kujumlisha mapato ya wazazi wote wawili, kila mmoja akiwa ameachiwa kwanza kiasi cha kujikimu. Serikali ina jedwali linalokadiria gharama ya kumlea mtoto katika familia yenye mapato kama hayo. Baadaye kila mzazi hupewa asilimia mbili: asilimia ya mapato yake katika jumla ile, na asilimia ya gharama anayohesabiwa kuwa tayari ameibeba kwa kukaa na mtoto. Tofauti kati ya asilimia hizo mbili ndiyo inayoonyesha anachodaiwa.

Chukua mzazi mwenye asilimia 60 ya mapato, na gharama ya mtoto iliyokadiriwa kuwa dola 15,000 kwa mwaka. Akikaa na mtoto kwa chini ya asilimia 14 ya mwaka, yaani pungufu ya usiku 52, hahesabiwi kuwa amebeba gharama yoyote, na anadaiwa dola 9,000. Akifikisha asilimia 14 anahesabiwa kuwa amebeba asilimia 24 ya gharama, na deni linashuka hadi dola 5,400. Wakigawana mwaka nusu kwa nusu, bado atatoa dola 1,500 kwa kuwa kipato chake ni kikubwa.

Hapa Waingereza na Waaustralia wanatofautiana. Nchini Uingereza, wazazi wanaomlea mtoto kwa kiwango sawa kabisa, idara ile haimtozi yeyote kati yao, hata kama mmoja ni daktari bingwa na mwingine ni mhudumu wa mkahawa. Kwa hakika, utaratibu wa Australia una haki zaidi katika jambo hili. Mtoto anayehama kila Jumapili kutoka nyumba yenye kila kitu hadi nyumba ambayo stima imekatwa hawezi kusemekana kuwa analelewa sawa.

Tukirudi nyumbani, ratiba ambayo mahakama za Kenya hutoa mara kwa mara ni ya mtoto kuishi na mama siku za shule, kwenda kwa baba wikendi moja baada ya nyingine, na likizo kugawanywa nusu. Kwa muda mrefu mahakama zimeegemea kumpa mama malezi ya mtoto wa chini ya miaka 10, isipokuwa kuwe na sababu nzito, na ndiyo maana ratiba hiyo imezoeleka. Mwaka wa shule una takriban wiki 39 za masomo na 13 za likizo. Nusu ya likizo ni kama usiku 45. Wikendi 19 za usiku mbili mbili ni usiku 38. Jumla ni 83, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 23 ya mwaka.

Je, usiku 83 unapunguza gharama za nyumba ya mama kwa asilimia 23? Tuseme mtoto mmoja jijini Nairobi anagharimu Sh40,000 kwa mwezi. Karo na vitabu, vikigawanywa kwa miezi 12, ni Sh14,000. Sehemu yake ya kodi ya nyumba ni Sh8,000, chakula Sh7,000, yaya Sh6,000, nguo na usafiri Sh3,000, na matibabu Sh2,000. Baba anapata Sh90,000 na mama Sh60,000, kwa hivyo kwa kufuata uwezo, baba atabeba asilimia 60 ya gharama, ambayo ni Sh24,000, na mama Sh16,000. Mahakama hailazimiki kupiga hesabu namna hii, lakini mfano huu unaonyesha mahali penye utata.

Ikiwa mtoto halali kwa baba hata siku moja, na baba analipa karo na matibabu moja kwa moja, atakuwa ametoa Sh16,000. Atamtumia mama Sh8,000 zilizosalia.

Mtoto akilala kwa baba usiku 83, kinachopungua kwa mama ni chakula tu. Asilimia 23 ya Sh7,000 ni takriban Sh1,600. Karo haikupungua, wala kodi. Yaya ameajiriwa kwa mwezi na hawezi kuambiwa aende bila malipo kwa sababu mtoto yuko kwa baba yake. Kwa hivyo baba atamtumia mama Sh6,400 badala ya Sh8,000. Yule baba wa mwanzo aliyekata nusu alikuwa amezidisha.

Wakigawana wiki kwa wiki, baba atakuwa analisha nusu ya mwezi, yaani Sh3,500, na atamtumia mama Sh4,500. Wengi hudhani kwamba wakifika nusu kwa nusu kila mtu atajitegemea na deni litafutika. Hesabu inakataa, kwa kuwa gharama kubwa za mtoto haziandamani naye kila anapobeba begi lake. Zimekaa palepale, na mmoja wa wazazi ndiye aliyezishika.

Lakini malezi ya pamoja yana gharama nyingine ambayo akina mama wengi hawaitaji. Baba aliyekuwa akiishi katika chumba kimoja atahitaji nyumba yenye chumba cha mtoto, godoro, neti na meza ya kufanyia kazi za shule. Tuseme hilo linaongeza Sh5,000 kwa mwezi. Gharama yote ya mtoto sasa ni Sh45,000. Kwa uwiano uleule, baba anabeba Sh27,000 na mama Sh18,000, na kiasi ambacho baba atamtumia mama kinashuka hadi Sh2,500. Mama anajikuta akitoa Sh2,000 zaidi ilhali mtoto hali chakula kingi kuliko awali. Ndiyo kusema, nyumba mbili ni ghali kuliko moja, na kwa mshahara wa kawaida wa Mkenya, familia nyingi haziwezi kumudu ratiba ya wiki kwa wiki hata kama wazazi wenyewe wanaelewana.

Pengine kwa sababu hii mahakama zetu hupenda kugawa vitu kuliko kugawa pesa. Badala ya kutaja kiasi kimoja cha kutumwa kila mwezi, maagizo mengi humtaka mzazi mmoja alipe karo na matibabu, huku anayeishi na mtoto akitoa makao, na chakula kikichangiwa kwa kiasi kilichotajwa. Utaratibu huu hupunguza ugomvi wa siku. Baba anayelipa karo shuleni moja kwa moja hawezi kuipunguza kwa hoja kwamba mtoto alilala kwake Ijumaa. Udhaifu wake ni kwamba karo hulipwa mara tatu kwa mwaka ilhali njaa huja kila siku, na mzazi aliyeachiwa chakula ndiye huhisi kupanda kwa bei ya unga kabla ya mwenzake.

Kwa Waislamu wa Pwani na kwingineko, kutenganisha mambo haya mawili si jambo geni. Hadhana, ambayo ni haki ya kumlea mtoto mdogo na aghalabu huwa ya mama, haichanganywi na nafaka, ambayo ni wajibu wa baba. Mtoto kukaa kwa mama hakumwondolei baba nafaka. Mzazi anayedai kwamba amekatiza matumizi kwa kuwa "mtoto si wake tena" huwa hana pa kusimama katika fikra hiyo.

Mfumo usio na jedwali una faida ya kumwangalia kila mtoto na hali yake, hasa katika nchi ambayo wazazi wengi hawana hati ya mshahara. Fundi wa jua kali, mwendeshaji bodaboda na mama mboga hawana mwajiri wa kuulizwa mapato yao. Hakimu huweza kutazama taarifa za M-Pesa, nyumba mtu anayoishi, shule alizowapeleka watoto wake wengine na gari analoendesha, akakadiria. Hasara yake ni kwamba kesi mbili zinazofanana huweza kupata maagizo tofauti katika korti mbili, na mzazi asiye na wakili hawezi kujua mapema atakachopata. Mwingereza hupiga hesabu yake jioni moja nyumbani. Mkenya husubiri tarehe ya kutajwa kwa kesi.

Kwa hivyo ushahidi una uzito mkubwa. Kila mzazi hutakiwa kuapa kuhusu mapato na matumizi yake, na maneno matupu hayafai. Mzazi anayedai kwamba mtoto hukaa kwake nusu ya mwaka anahitaji kuonyesha hivyo: kalenda iliyojazwa, ujumbe wa simu wa kupanga siku za kumchukua, risiti za duka na za hospitali. Anayesema gharama ni Sh40,000 aonyeshe mahali zinapoenda. Mahakama zimezoea orodha za matumizi zilizofurishwa, na zikigundua chumvi mahali pamoja hutilia shaka orodha nzima.

Si lazima jambo hili lianzie kortini. Afisa wa watoto aliye karibu anaweza kuwaita wazazi wote wawili, akawasikiliza na kuwaandikia makubaliano. Tangu mwaka wa 2016 mahakama pia zimekuwa na utaratibu wa upatanishi, ulioanzia Nairobi, ambapo kesi hupelekwa kwa mpatanishi kabla ya kusikizwa. Makubaliano yanayopitishwa na korti huwa na nguvu sawa na agizo lolote. Yale yaliyobaki kuwa karatasi droo, au ahadi mbele ya wazee, ni magumu kutekelezwa mmoja anapogeuka. Makubaliano mazuri hutaja siku na pia hutaja gharama: nani atalipa karo, nani atalipia safari ya shule, nani atanunua dawa mtoto akiugua akiwa kwa baba, na je, kiasi cha mwezi kitabadilika wakati wa likizo au la. Likikosekana jibu la swali hili la mwisho, Agosti itawarudisha pale pale.

Kosa ambalo limewagharimu wazazi wengi ni kubadilisha agizo kwa mikono yao. Agizo la matunzo linaendelea kufanya kazi mpaka korti iliyolitoa ilibadilishe. Baba akipewa siku zaidi na mama kwa maneno ya mdomo, kisha akapunguza pesa, kile alichopunguza kinakuwa deni. Madeni hayo yanaweza kufanya mshahara wake ukatwe kabla haujamfikia, mali yake ikamatwe, au yeye mwenyewe atiwe jela. Anayetaka kupunguziwa kwa sababu mtoto sasa hukaa kwake zaidi, au kwa sababu amefutwa kazi, anapaswa kurudi kortini na kuomba agizo libadilishwe. Njia hiyohiyo iko wazi kwa mama ambaye mtoto amemrudia muda wote baada ya baba kuhamia mji mwingine.

Vilevile, pesa na siku si vitu vya kubadilishana. Mama hawezi kumzuia mtoto asiende kwa baba kwa sababu matunzo ya Juni hayakulipwa, na baba hawezi kusimamisha matunzo kwa sababu alinyimwa mtoto wikendi mbili. Kila kosa lina dawa yake mbele ya hakimu. Nchi zenye jedwali zimekuwa na shida kubwa zaidi hapa, kwani palipo na bei kwa kila usiku, mzazi mmoja hushawishika kuomba usiku ambao hana nia ya kuutumia, na mwingine hushawishika kuukataa hata kama mtoto anatamani kumwona baba yake.

Kuna hali moja ambayo mataifa yale huiona kwa nadra na hapa ni ya kawaida, nayo ni shule ya bweni. Mtoto aliye bwenini wiki 39 halali kwa yeyote. Nchini Uingereza, usiku wa bweni huhesabiwa kuwa wa mzazi ambaye mtoto angekuwa kwake kama hangekuwa shuleni. Nchini Kenya hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Chakula na malazi vimo ndani ya karo, yaya ameshaondoka, na kilichobaki ni likizo, nauli, pesa za mfukoni na vitu vya kubeba siku ya kufungua shule. Wazazi wengi huendelea kubishana kwa agizo lililotolewa mtoto akiwa chekechea, lenye fungu la yaya na maziwa, ilhali mtoto huyo sasa yuko bwenini na anahitaji kikokotoo, godoro na sanduku la bati. Agizo la namna hiyo linaweza kurudishwa kortini na mzazi yeyote kati ya wawili, na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye husikizwa kuhusu nyumba angependa kulala likizo ikifika.